Aliyelima Upande wa Msitu

Hapa Goma udongo unanunuliwa. Ninyi tuliokua pamoja kule milimani mtacheka, lakini ndivyo ilivyo. Chini ya nyumba zetu ni mawe meusi ya volkano, na mtu akitaka vitunguu viwili vitatu nyuma ya jikoni lazima amtafute kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, amletee gunia la udongo kutoka upande wa Masisi. Juzi nililetewa langu. Niliumwaga ule udongo, nikaunyunyizia maji, nikaugeuza kidogo kwa jembe, na ile harufu ikapanda. Wengine harufu hiyo inawakumbusha maharage mapya. Mimi inanitia hofu. Nilijikuta nimesimama na kopo la maji mkononi, nikisikiliza kama jirani yangu aliyekuwa akifua nguo bado anaimba. Alikuwa anaimba. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Tulikuwa tunakaa kwenye kilima kimoja juu ya Nyabiondo, mahali ambapo mashamba yakiisha unaingia msituni, na ukizidi kuufuata msitu unatokea Walikale. Papa alikuwa amekwenda huko huko Walikale kuchimba madini, na habari zake zilitufikia mara moja moja kwa mdomo wa mtu wa pikipiki. Kaka yangu Bahati alikuwa anasoma Goma kwa mjomba wetu. Nyumbani tulibaki mimi na Mama, ambaye kilima kizima kilimwita Mama Bahati. Tulikuwa na kipande cha muhogo karibu na nyumba, na shamba la juu, la maharage, lililopakana na msitu. Muhogo ulitupa sombe, ile mboga ya majani yake, na bugali. Vingine vyote, kuanzia chumvi mpaka nguo za shule, vilitoka shamba la juu.

Msimu uliotangulia ule ninaousimulia tulikuwa tumekimbia wakati wa kupanda, na shamba likabaki majani matupu. Mama alikuwa amesema wazi, tena mbele yangu, kwamba shamba hilo likikosa mbegu na safari hii, tunafunga mizigo na kwenda kukaa kambini chini ya shitingi, yale maturubai ya msaada. Nilikuwa nimeiona kambi. Nilikuwa nimewaona watoto wa umri wangu wamekaa juu ya mabidoni yao ya kuchotea, wakingoja maji, wakiwa hawana hata hamu ya kugombana. Niliogopa kambi kuliko nilivyoogopa giza, na kila asubuhi nilikuwa naangalia mawingu kama mtu mzima.

Shamba la juu hakuna mwanamke aliyethubutu kwenda peke yake. Wanawake wa nyumba jirani walikuwa wamepatana kulima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila mmoja apandiwe. Zamu hiyo waliiita tur, kwa Kifaransa chetu cha kilimani. Nani awe wa kwanza na nani awe wa mwisho, hapo ndipo urafiki ulipoingia mchanga. Wa kwanza anapata mvua ya kwanza. Wa mwisho anapanda kwenye matope, kama bado kuna usalama wa kupanda. Nimewahi kusikia wanawake wakigombania bwana, na nawaambieni, hawakupandisha sauti namna ile walivyogombania tur.

Aliyebishana na Mama zaidi ni Mama Sifa, mjane mrefu wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Shamba lake la juu na letu yalikuwa na mpaka mmoja, mstari wa mimea yenye majani marefu, na kila msimu mmoja alimwambia mwenzake kwamba mimea hiyo imetembea. Mama Sifa alilima haraka kuliko wote, na hakuficha kwamba anajua. Mama naye hakukubali kuachwa, basi wakiwa mstari mmoja walikimbizana mpaka wenzao wakaguna. Jioni, akichagua mbegu, Mama alikuwa anasema kama anayeongea na maharage, "Ule mama anataka shamba yetu. Anaiangaliaka tu." Asubuhi walisalimiana kwa mikono miwili. Na mimi na binti yake Sifa tulicheza pamoja kila siku bila mtu kutukataza, jambo ambalo halikuniingia akilini kabisa.

Sasa mnisikilize vizuri jinsi walivyolima. Walijipanga bega kwa bega chini ya shamba na kupanda na mteremko, nyuso zikiangalia udongo. Sisi watoto tulifuata nyuma na mabeseni, tukidondosha maharage na kuyafunika kwa mguu. Mwisho wa mstari, upande wa msitu, alilima Mama Sifa siku zote, shamba liwe la nani. Na yeye ndiye aliyeimbisha. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, wa mkwe mvivu anayemaliza bugali na kusahau jembe. Alitoa mstari mmoja, wenzake wakaitika, akatoa mwingine. Hakuacha. Hata jasho likimwingia machoni aliimba, na sauti yake ilivuka bonde na kuturudia.

Tulikuwa tumewahi kukimbia kutoka huko juu. Nilikuwa nadondosha mbegu, halafu mkono wa mtu mzima unanishika, halafu niko bondeni katikati ya matete, nimelala kifudifudi na kiganja cha mwanamke kiko mdomoni mwangu. Juu yetu zilipita buti. Nilisikia wanaume wakiongea na mmoja wao akicheka, cheko la kawaida tu, la mtu aliyeambiwa kitu cha kuchekesha njiani, na mpaka leo naliogopa cheko lile kuliko bunduki aliyobeba. Baadaye nilijaribu kukumbuka ilianzaje. Nilichokumbuka ni kimoja tu: kabla ya buti, Mama Sifa alikuwa anaimba.

Pale kilimani watu walikuwa wanasemasema kwamba kuna majirani wanaowauza wenzao kwa watu wa bunduki kwa sababu ya wivu wa mashamba. Nilisikia hayo kisimani, nikasikia tena maneno ya Mama juu ya maharage, nikaunganisha. Anataka shamba letu. Sauti yake inafika mbali. Anaimba, wanakuja, sisi tunakimbia, shamba linabaki. Kwangu hesabu ilikuwa imekamilika. Nilimwona Mama Sifa njiani nikajificha nyuma ya nyumba. Aliponipa hindi la kuchoma nilisema asante, nikaenda kulitupa.

Siku yetu ilipofika, baada ya ugomvi wa kutosha kuhusu tur, mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Mama alikuwa na furaha. Nilimshika nguo tukiwa bado mlangoni.

"Mama, Mama Sifa asiimbe leo."

"Acha bujinga," alisema. "Beba mbegu, tuende. Mvua haiwezi kutungojea."

Tulipanda kilima mpaka shamba la juu. Wakajipanga, na Mama Sifa akaenda kule kule mwisho, akaukaza mkanda wa kikwembe, ile nguo ya kujifunga kiunoni, akaanza mkwe wake mvivu. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, na Sifa alikuwa nyuma ya mwanamke aliyefuata. Udongo uligeuka mwekundu na wenye unyevu, ile harufu ikajaa, na mimi sikuwa naona mbegu ninazodondosha. Nilikuwa naangalia miti. Kila alipopandisha sauti nilitazama kama tawi limetikisika. Ndege waliruka kutoka ukingo wa msitu, kundi zima kwa pamoja. Nikaona tunakaribia katikati ya shamba letu, na kwamba asiponyamaza sasa hivi, tutalikosa.

Nikampa Sifa nafasi yangu, nikamwambia mbegu zangu zimekaribia kuisha. Nikapita nyuma ya mstari mzima mpaka mwisho. Nikamvuta Mama Sifa kikwembe kwa nyuma.

"Mama Sifa, usiimbe tena. Tafazali."

Akakata neno katikati, akageuka. Hakunigombeza. Alinitazama tu kwa mshangao, kisha macho yake yakapita juu ya kichwa changu, akafungua kinywa kama anayetaka kuendelea, akakiacha wazi. Nikageuka na mimi. Majembe yalikuwa yamesimama ndani ya udongo, mengine bado mpini unacheza. Mabeseni yalikuwa chini. Watu hawakuwapo. Sikusikia hata mguu. Mama yangu hakuwapo, Sifa hakuwapo, na juu ya shamba lote tulibaki mimi na yule niliyekuwa namwogopa kuliko wote duniani.

Nilijikojolea. Sioni haya kulisema, nilikuwa mtoto, na niliamini kwamba sasa ananishika mkono na kunipeleka msituni. Alichuchumaa mbele yangu.

"Juu ya nini unanikataza kuimba?"

"Unabaita."

"Nabaita banani?"

"Bale ba bunduki."

 Niliona uso wake ukibadilika, na hata kwa akili yangu ya utoto nilijua nimemwumiza.

"Mama yako njo alikuambia vile?"

"Hapana. Yeye anasemaka tu unataka shamba yetu."

"Iyo ni kweli," alisema Mama Sifa. "Shamba yenu iko muzuri. Nani hawezi kuitaka? Lakini sijaita muntu hata siku moja." Akaangalia msitu, akanirudia mimi. "Sikia muzuri, na usirudilie iyi maneno mbele ya mutoto mwingine. Mimi njo naona njia. Kama naimba, njia iko wazi. Kama naona batu, sipige kelele, maana batajua nimebaona. Nanyamaza tu. Wimbo ikikatika, kila mama anashika mutoto mwenye iko karibu yake, anashuka, haangalie nyuma. Watoto hatubaambie, maana batu bakibakamata njiani na kubauliza, mutoto atasema."

"Basi imba, barudi."

"Hawawezi kurudi leo. Tulipatana: ikishakatika, hata ikianza tena, muntu asirudi. Pengine nimeshikwa, banalazimisha niimbe."

Alisimama, akatazama mawingu, akatazama mbegu zilizokuwa wazi kwenye udongo. Njiwa walikuwa wameanza kutua. Kuwafuata wenzake hakukuwa na maana, walikuwa wameshatawanyika na kila mmoja na njia yake, na mtu akikukimbilia kwa nyuma unazidi kukimbia. Kuyaacha majembe pale ndiko hakukuwezekana kabisa. Akashika lake. "Fata," aliniambia, "tia mbegu." Na akaanza tena kuimba, peke yake, akijiitikia mwenyewe.

Nilimfuata kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mnaweza kufikiri kwamba baada ya kuelezwa nilitulia. Ilikuwa kinyume. Zamani niliogopa wimbo, na wimbo ukiisha niliweza kupumzika. Sasa niliogopa pale unapokatika, na wimbo wa mtu anayelima hukatika kila mara, maana lazima avute pumzi. Kila alipovuta pumzi moyo wangu ulisimama. Alipoinama kutoa jiwe na kuchelewa kidogo, beseni lilinitoka mikononi. Aliokota yale maharage pamoja nami akiwa anaimba, na nikaona vidole vyake vinatetemeka. Hapo nikajua kwamba kule mwisho wa mstari hakuwa akienda kwa kujionyesha. Alikuwa anaogopa kila siku, kama mimi, ila yeye alikuwa analima.

Bondeni, kama Mama alivyonisimulia nilipokuwa mkubwa, alifika kwenye matete, akalala, akakivuta kichwa cha mtoto kifuani, na ndipo alipogundua kwamba nywele si zangu. Alikuwa amemshika Sifa. Halafu akausikia wimbo ukianza tena huko juu. Wenzake wakamwangalia. Wote walijua wimbo wa namna hiyo maana yake ni nini: mwenzao amekamatwa, ana bunduki mgongoni, na mtoto yuko naye. Wakamshika Mama nguo. Akawaachia Sifa, akaacha na kikwembe mikononi mwao, akapanda.

Sisi tuliona majani ya ukingoni yakitikisika. Mama Sifa akanisukuma nyuma yake, akainua jembe, na hakuacha kuimba, ingawa sauti ilishuka ikawa nyembamba. Kutoka kwenye majani akatokea Mama, ana nguo ya ndani tu kiunoni, magoti yana damu, na jiwe mkononi.

"Bako wapi?" alisema.

"Banani?"

"Bale batu."

"Hakuna batu, Mama Bahati. Mutoto wako njo alinikataza kuimba."

Mama alikaa chini pale pale kwenye udongo. Jiwe hakuliachia. Mama Sifa akaweka jembe chini polepole na kuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sifa iko wapi?"

"Iko mu bonde na benzake. Iko muzima. Nilimushika yeye, nilizani ni huyu."

 Kisha Mama Sifa akauliza, "Na wewe umerudi juu ya nini? Si tulipatana? Kama ni bao njo balikuwa bananiimbisha?"

"Nilizani ni bao," alisema Mama.

 Mama Sifa alivua kitambaa chake cha kichwani akampa ajifunge. Mama alijifunga, akasimama, akapitisha macho kwenye mistari iliyolimwa wakati yeye hayupo, na namna ninavyomfahamu sikushangaa.

"Umelima ya kupinda," alisema.

"Basi nyoosha."

Walilima wawili mpaka mvua ikatufukuza, na tukapanda kama nusu ya shamba. Jioni wanawake walikuwa na hasira, na nina hakika wengine wenu bado mnakumbuka jina nililopewa, Kata-Wimbo, ambalo lilinifuata mpaka kisimani. Tur yetu ikahesabiwa kuwa imeisha. Nusu iliyobaki ilingoja mpaka wote wapandiwe, ikapandwa kwa kuchelewa na haikutoa kitu cha maana. Ile ya kwanza ndiyo iliyotulisha. Msimu ule hatukwenda kambini.

Iliyofuata ilikuwa siku ya Mama Sifa. Baadhi ya wanawake hawakupanda kwenda shamba la juu, walisema bado mioyo yao haijatulia. Waliokuja walijipanga, na Mama Sifa akawa anaelekea mwisho wake wa msitu kama kawaida. Mama akamtangulia.

"Leo ni mimi," alisema. "Wewe lima kule, shamba iko yako."

"Wewe hauna sauti."

"Niko na macho."

Nikawekwa nyuma ya Mama na beseni langu.  Mama kweli hakuwa na sauti ya kuimbisha. Ilikuwa ndogo na yenye mikwaruzo, maneno ya mkwe mvivu aliyachanganya, na pumzi yake ilikuwa fupi, hivi kwamba kati ya mstari na mstari alichelewa sana. Kila alipochelewa mkono wangu uliganda ndani ya mbegu, na nilitazama mgongo wake, sikuthubutu kutazama miti. Miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia bondeni. Safari hii aliye mwisho wa mstari alikuwa mama yangu, na akinyamaza, mimi nitashikwa mkono na mtu mwingine na sitaruhusiwa kuangalia nyuma.

Mama Sifa alikuwa mbali, upande wa pili. Aliinua kichwa kufuta jasho na kuniona nimesimama hivyo, mkono ndani ya beseni. Tangu hapo hakungoja tena Mama amalize mstari. Aliitika kabla ya wakati, akapanda juu ya maneno ya mwisho, na Mama alipovuta pumzi sauti ya Mama Sifa ilikuwa tayari imejaa pale. Mama alikasirika. Alidhani ni mashindano yale yale, kwamba sasa anataka kumnyang'anya hata wimbo. Akaongeza sauti, akaongeza na mwendo wa jembe. Mama Sifa naye akaongeza. Walilima shamba lile lote hivyo, wakikimbizana, bila kuacha nafasi yoyote kati ya sauti ya mmoja na ya mwenzake, na mimi nikadondosha mbegu mpaka juu bila mkono wangu kuganda tena.